Njugumawe, mbaazi na dengu: Kila zao na udongo wake

Na Mwandishi Wetu

NJUGUMAWE ni zao ambalo wakazi wengi wa mijini hulifahamu likiwa sufuriani kuliko likiwa shambani. Huuzwa zikiwa zimechemshwa pamoja na maganda yake, na katika mwambao wa pwani hupikwa kwa tui la nazi. Punje yake ina protini ya takriban asilimia 20 na wanga unaozidi nusu ya uzito wake, jambo linaloifanya iwe karibu mlo kamili. Hata hivyo, pamoja na mbaazi, fiwi, choroko na dengu, njugumawe imebaki katika kundi la mazao ya jamii ya mikunde ambayo kwa miaka mingi hayakupewa nafasi kubwa katika utafiti, katika maduka ya mbegu wala katika mipango ya kilimo, ikilinganishwa na maharage na soya.

Siku hizi mazao hayo yameanza kutajwa tena, hasa kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Mara kwa mara viongozi huwahimiza wananchi wa maeneo makavu kupanda mazao yanayostahimili ukame, na mikunde hii huwa miongoni mwa yale yanayopendekezwa. Tatizo ni kwamba maelezo yanayoambatana na wito huo huwa mafupi mno: mazao haya, wananchi huambiwa, hayachagui udongo. Kauli hiyo ina ukweli nusu tu. Nusu iliyobaki ndiyo inayomfanya mkulima apoteze mbegu, nguvu na msimu mzima, kisha alaumu zao au mvua wakati kosa lilikuwa katika kipande cha ardhi alichokichagua.

Ni kweli kwamba mikunde huvumilia udongo uliochoka. Katika mizizi yake hukaa bakteria wanaoitwa rizobia, ambao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuibadilisha iwe chakula cha mmea. Mmea nao huwalipa bakteria hao kwa sukari. Kutokana na ushirikiano huo, zao la mikunde linaweza kustawi mahali ambapo mahindi yangegeuka manjano kwa kukosa mbolea. Lakini kutodai rutuba si sawa na kutochagua udongo. Rutuba ni chakula kilichomo ardhini. Ukubwa wa chembe za udongo, nafasi ya hewa iliyomo kati yake, namna maji yanavyopita na kiwango cha tindikali ni mambo mengine kabisa, na hapo mazao haya huchagua, tena kwa namna zinazotofautiana.

Zao linalozaa chini ya ardhi

Njugumawe asili yake ni Afrika Magharibi, na ndugu zake wa mwituni bado wanapatikana katika maeneo ya Nigeria na Kameruni. Maua yake madogo huchanua karibu kabisa na uso wa ardhi. Baada ya ua kuchavuliwa, kikonyo chake hurefuka kuelekea chini na kukisukuma kitunda kichanga kiingie udongoni au kilale juu yake tu. Ganda hukua humo gizani na punje hujaa humo humo. Kwa maana nyingine, udongo kwa njugumawe si mahali pa kushikia mizizi pekee, bali pia ni mahali pa kuzalia.

Ndiyo maana udongo unaolifaa zaidi zao hili ni wa kichanga au wa tifutifu yenye mchanga mwingi, wenye kipimo cha pH kati ya 5.0 na 6.5 na usiotuamisha maji. Chembe za mchanga ni kubwa, hufikia hata milimita 2, na kati yake hubaki nafasi ambazo kikonyo laini kinaweza kupenya. Chembe za mfinyanzi hazifikii milimita 0.002. Zikilowa hunata, zikikauka hushikamana kama tofali. Mvua kubwa ikifuatiwa na jua kali katika udongo wa namna hiyo huacha utando mgumu juu ya ardhi, na kitunda kinachokuta utando huo hubaki nje, ambako hukauka au huliwa na wadudu na ndege.

Wakulima wazoefu huligundua hilo bila kufundishwa, na ndiyo sababu katika maeneo mengi hupandishia udongo kwenye shina mmea unapoanza kutoa maua, au hupanda juu ya matuta badala ya kulima sesa. Kazi hiyo ina faida kubwa zaidi katika udongo mzito. Vilevile palizi ya baadaye inapaswa kuwa ya mkono au ya juu juu, kwa kuwa jembe likipita chini ya mmea huvuruga vitunda ambavyo vimekwisha kujichimbia.

Wakati wa mavuno tofauti huonekana waziwazi. Katika kichanga mvunaji huvuta shina na maganda mengi hutoka pamoja nalo. Katika mfinyanzi uliokauka shina hukatika na mazao yakabaki chini.

Taifa hili linao mfano mchungu wa jambo hilo, ingawa uliwahusu ndugu wa njugumawe, yaani karanga, ambazo nazo huzaa chini ya ardhi. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuangalia uwezekano wa kilimo kikubwa cha karanga, na mwaka uliofuata mpango ukaanza huko Kongwa, baadaye ukapanuliwa hadi Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mvua zilikuwa haba na visiki vilivunja mitambo, lakini udongo wa Kongwa nao ulishiriki kikamilifu katika kuuangusha mpango huo. Mchanga wake mkali ulisaga majembe ya matrekta, na mfinyanzi uliochanganyika nao ulikauka na kuwa mgumu kiasi kwamba karanga zilizokuwa zimekomaa hazikuweza kung'olewa. Mpango ulitelekezwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Simulizi nyingi za Kongwa huishia kwenye ukame. Kwa maoni ya mwandishi, neno udongo lilistahili kutajwa kwanza.

Mteremko mmoja, mashamba matatu

Hasara ya namna hiyo haihitaji matrekta ili itokee, kwani hata shamba la ekari moja linaweza kuwa na udongo wa aina tatu. Mahali pa kuliona hilo vizuri ni Usukumani, kusini mwa Ziwa Victoria. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, ndiye aliyeipatia sayansi ya udongo dhana ya katena mwaka 1935. Neno hilo linatokana na Kilatini na maana yake ni mnyororo. Milne alionyesha kwamba katika Afrika Mashariki aina za udongo hufuatana kwa mpangilio ule ule kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, na kwamba mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Dhana hiyo bado inafundishwa duniani kote.

Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kabla ya Milne kufika. Juu, karibu na miamba ya matale, kuna luseni, yaani kichanga chepesi. Chini yake kwenye mteremko hafifu huwapo itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini linalozuia maji yasizame. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Njugumawe na karanga hukaa kwenye luseni. Itogolo huchimbwa majaluba ya mpunga, kwa sababu lile tabaka gumu ambalo ni adui wa mikunde ni rafiki wa zao linalotaka maji yasimame. Na kwenye mbuga, baada ya mvua kwisha, hupandwa dengu.

Udongo wa mbuga unastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndio unaowakosesha wengi usingizi. Mfinyanzi wake ni wa aina inayovimba ikinyonya maji na kunywea ikikauka, ndiyo maana wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa ng'ombe unaweza kuzama. Una rutuba kuliko luseni, tena kwa mbali. Lakini wakati wa masika matundu yake yote hujaa maji na hewa hutoweka. Bakteria walio ndani ya vinundu vya mizizi wanahitaji oksijeni ili wafanye kazi. Wakiikosa, utengenezaji wa naitrojeni husimama na mmea huwa manjano katikati ya udongo wenye utajiri. Mbaazi changa ikisimamiwa na maji kwa siku kadhaa hudhoofika vibaya, na hushambuliwa kwa urahisi na magonjwa ya ukungu yanayoozesha shina.

Dengu hukwepa balaa hilo kwa kuchagua wakati. Hupandwa mvua zinapokaribia kukoma, udongo ukiwa umeshiba maji lakini hewa imeanza kurudi. Kuanzia hapo huishi kwa unyevu uliobaki, mizizi ikiyafuata maji kadiri yanavyoshuka, hadi kukomaa bila kupata mvua ya maana. Katika kichanga cha luseni jambo hilo lisingewezekana, maana kichanga hakitunzi maji ya miezi mitatu. Hivyo mkulima wa Shinyanga akiambiwa apande mikunde inayostahimili ukame, swali lake la kwanza linapaswa kuwa ni katika pete ipi ya mnyororo. Akipeleka dengu juu na njugumawe bondeni atakuwa amefuata ushauri kwa ukamilifu, na ataondoka mikono mitupu.

Fosforasi iliyofungwa na siri ya mbaazi

Umbile la udongo huonekana kwa macho na kushikika kwa vidole. Kemia yake haionekani, na hapo ndipo mambo huwa magumu. Udongo mwekundu, ulioenea katika sehemu kubwa ya nchi, hupata rangi yake kutokana na madini ya chuma. Madini hayo pamoja na aluminiamu huishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mizizi ya mazao mengi haiwezi kuinyang'anya. Kwa mikunde upungufu wa fosforasi ni pigo la mara mbili, kwa vile kazi ya kutengeneza naitrojeni kwenye vinundu inahitaji nishati nyingi, na nishati hiyo haipatikani bila fosforasi.

Mbaazi ina njia yake. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha kimataifa cha ICRISAT, karibu na mji wa Hyderabad nchini India, wakiongozwa na Mjapani Noriharu Ae, walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyowashangaza wengi. Waligundua kwamba mizizi ya mbaazi hutoa tindikali iitwayo asidi ya pisidiki, ambayo hukamata chuma na kuiachia fosforasi iliyokuwa imefungwa nacho. Katika udongo mwekundu usiowekwa mbolea ya fosforasi, mazao mengine yalishindwa huku mbaazi ikiendelea kukua. Jambo la kuzingatia ni kwamba ubora huo haukuonekana katika udongo mweusi, ambako fosforasi hufungwa zaidi na kalsiamu kuliko chuma.

Utafiti huo unaeleza vizuri kwa nini sifa ya zao haiwezi kutenganishwa na ardhi. Kipaji cha mbaazi ni kipaji cha udongo mwekundu wenye kina na usiotuamisha maji. Mzizi wake mkuu hushuka sana, na tabaka gumu likiwa karibu na uso wa ardhi zao hilo hupoteza silaha yake ya pili.

Tindikali nayo ina mipaka yake. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuwa sumu kwa ncha za mizizi, na bakteria wa vinundu hupungua. Bukoba ni mfano wa watu waliojifunza kuishi na hali hiyo. Mvua nyingi zinazonyesha kando ya ziwa, ambazo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, zimesafisha virutubisho katika udongo uliotokana na mawe ya mchanga, na kuacha mbuga za nyasi ziitwazo rweya, zenye tindikali na ufukara mkubwa. Wahaya walielekeza samadi, majani na taka za nyumbani kwenye kibanja chenye migomba na kahawa. Njugumawe hazikupewa nafasi humo. Wanawake walizipanda huko rweya, katika vishamba vya muda, baada ya kukata na kuchoma nyasi, kisha vishamba hivyo vikaachwa vipumzike kwa miaka kadhaa.

Mpangilio huo una mantiki kamili. Majivu hupunguza tindikali na kuongeza madini kidogo kwa msimu mmoja, kiasi kinachoitosha njugumawe. Zaidi ya hapo, njugumawe ikipandwa penye samadi nyingi hutoa majani mazuri na maganda machache, kwani naitrojeni ya bure huuondolea mmea sababu ya kushirikiana na bakteria na huuchochea kukua badala ya kuzaa. Kwa hiyo anayelipeleka zao hili kwenye bustani yake yenye rutuba kuliko zote kwa nia njema huliharibu.

Salfa ya mikorosho

Kusini kuna suala ambalo halizungumzwi vya kutosha. Uwanda wa juu wa Makonde na maeneo yanayouzunguka huko Mtwara una udongo mwekundu wa kichanga wenye kina kirefu, na kwa umbile unafaa mno kwa njugumawe na mbaazi, ambazo hupandwa pamoja na mihogo au katikati ya mikorosho. Kwa miongo kadhaa mikorosho hiyo imekuwa ikipulizwa unga wa salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa inayoanguka chini hubadilishwa na bakteria wa udongoni kuwa tindikali ya salfa. Kichanga, tofauti na mfinyanzi, kina uwezo mdogo wa kulizuia badiliko hilo, na utafiti uliochapishwa katika miaka ya 1990 kuhusu kusini mwa Tanzania ulithibitisha kwamba udongo unaopulizwa salfa huongezeka tindikali.

Maana yake ni kwamba zao la biashara linatibiwa kwa dawa ambayo taratibu inapunguza uwezo wa ardhi kulea zao la chakula lililo chini yake. Mkulima huona njugumawe zinazidi kupungua mwaka hadi mwaka na husema mbegu imezeeka. Inawezekana imezeeka. Lakini kabla ya kutafuta mbegu nyingine ni vema kupima pH chini ya mikorosho na kuilinganisha na ya eneo la wazi lililo jirani. Tofauti ikiwa kubwa, chokaa itasaidia kuliko mbegu. Chokaa hiyo pia huongeza kalsiamu, madini ambayo karanga hunyonya moja kwa moja kupitia ganda lililo udongoni, na yakikosekana maganda hujaa hewa badala ya punje.

Fiwi, ambayo baadhi ya watu huiita ngwara na Wakenya wengi njahi, ndiyo inayokaribia zaidi sifa ya kutochagua udongo. Huota kuanzia kichanga hadi mfinyanzi, na huvumilia pH ya kati ya 4.5 na 7.5, mradi maji yasisimame. Choroko hupendelea tifutifu na haipendi chumvichumvi.

Kwa mwenye shamba nje ya mji

Wasomaji wengi wanaoishi Dar es Salaam wana viwanja au vishamba huko Mkuranga, Kibaha, Bagamoyo au Chalinze, na si ajabu wakafikiria kupanda mazao haya kwa kuwa hayahitaji uangalizi wa kila siku. Kabla ya kununua mbegu, vipimo vichache visivyo na gharama vinaweza kufanywa.

Chukua udongo kiganjani, uloweshe kidogo kisha uuvingirishe. Ukisambaratika ni kichanga. Ukifanyika mviringo lakini ukakatika unapoubonyeza uwe utepe, ni tifutifu. Ukitoa utepe mrefu unaong'aa ni mfinyanzi, na hapo njugumawe zitahitaji matuta au zihamishiwe kwingine. Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yazame, ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, usipande mbaazi hapo. Fanya hivyo sehemu ya juu, ya kati na ya chini ya shamba, maana majibu matatu yanaweza kutofautiana ndani ya ekari moja.

Kwa pH na fosforasi hakuna njia ya mkato. Sampuli hupelekwa maabara, na huduma hiyo hutolewa na taasisi kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kituo cha utafiti cha Mlingano, mkoani Tanga. Chota udongo sehemu kumi au zaidi, uuchanganye, kisha peleka kiasi kidogo cha mchanganyiko huo. Udongo wa bondeni usiuchanganye na wa juu.

Kuhusu bakteria, njugumawe, kunde na mbaazi kwa kawaida hupata washirika wao katika udongo wetu. Dengu ni tofauti. Bakteria wake ni wa aina ya pekee, na mahali ambapo zao hilo halijawahi kulimwa mbegu inafaa ipakwe bakteria hao kabla ya kupandwa, la sivyo itaota na kubaki dhaifu hata kama udongo ni ule ule wa mbuga unaolifaa.

Wiki sita hivi baada ya kupanda, ng'oa mmea mmoja kwa uangalifu pamoja na udongo wake na uutikise polepole. Vinundu vizuri hukaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa ukucha. Ukikikata kimoja na kukuta rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Kijani au kijivu maana yake kimekufa au hakijawahi kufanya kazi, mara nyingi kwa sababu ya maji mengi au tindikali. Lakini kama uvimbe ni wa mzizi wenyewe na haubanduki, hivyo si vinundu bali ni alama ya minyoo fundo, wadudu wadogo mno wanaopenda sana udongo wa kichanga. Shamba la namna hiyo lipandwe mahindi au mtama kwa msimu mmoja au miwili kabla ya kurudisha mikunde.